Transista Katika Baridi Kali: Elektroni Zinatoka Wapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa elektroniki mliokuja kwa wingi,

Nashukuru kwa heshima ya kualikwa kuzungumza mbele yenu. Mada niliyopewa ni tabia ya transista katika baridi kali mno, na ningependa niseme mapema ninakotaka kufika, ili anayenisikiliza aweze kunipima njiani. Kuhusu jambo hili watu wengi wana imani moja kati ya mbili. Wapo wanaodhani kwamba baridi huua saketi. Wapandaji wa Mlima Kilimanjaro husimulia jinsi simu zao zilivyozimika karibu na kilele, na msikilizaji hukata shauri kwamba elektroniki haipatani na baridi, ingawa kinachoshindwa pale ni kemia ya betri wala si transista. Wapo wengine, hasa waliosoma kidogo kuhusu kompyuta za kasi, wanaoamini kwamba baridi ni neema tupu: ukipoza, kila kitu huenda mbio na kelele, yaani mitikisiko ya umeme inayofunika ishara, hupungua. Mimi nadai kwamba imani zote mbili zinaanguka kwa sababu ileile. Baridi haina jibu moja kwa transista zote. Jibu hutegemea swali ambalo mhandisi anapaswa kulijibu kabla hajawasha mtambo wa kupozea: vibeba chaji vya transista hii, yaani elektroni na matundu yanayobeba mkondo wa umeme, vinatoka wapi, na ni nini kinachovipa nishati ya kutoka huko?

Tuelewane kwanza juu ya vipimo. Karatasi za maelezo ya vijenzi vya kawaida huahidi kazi kuanzia nyuzi 0 hadi 70 za Selsiasi, na za vijenzi vya kijeshi hushuka hadi nyuzi 55 chini ya sifuri. Hapo ndipo ahadi ya mtengenezaji inapokoma, na baridi ninayoizungumzia inaanza mbali chini ya hapo. Nitaipima kwa kelvini, ambazo huhesabiwa kuanzia sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa. Agoni kimiminika huchemka kwenye kelvini 87. Naitrojeni kimiminika huchemka kwenye kelvini 77, ambazo ni nyuzi 196 chini ya sifuri, na heliamu kwenye kelvini 4.2, yaani nyuzi 269 chini ya sifuri. Kompyuta za kwantamu zinazotumia saketi za metali zisizo na ukinzani hushushwa hadi karibu sehemu moja ya mia ya kelvini moja, baridi iliyopita ile ya anga za mbali, ambako mionzi iliyosalia tangu mwanzo wa ulimwengu ina kelvini 2.7.

Kwetu sisi, kilicho na maana kuliko nyuzi zenyewe ni kiasi cha nishati ya joto ambacho kila elektroni inaweza kukichota kutoka kwenye mazingira yake. Kwa kipimo kidogo cha nishati kiitwacho milielektrovolti, kwenye joto la chumba kiasi hicho ni takriban 26. Kwenye naitrojeni kimiminika kinashuka hadi 6.6, na kwenye heliamu kimiminika kinabaki 0.36 tu. Naomba mzishike namba hizi tatu, kwa sababu karibu kila nitakalolisema linatokana nazo.

Silikoni safi ni kipitishi hafifu sana. Kwenye joto la chumba, sentimita moja ya ujazo ina atomu za silikoni zinazohesabika kwa 5 ikifuatwa na sifuri 22, lakini elektroni zilizojinasua kutoka kwenye vifungo vyake ni takriban bilioni 10 pekee. Ndiyo maana watengenezaji hupandikiza atomu ngeni: fosforasi au arseniki, zenye elektroni moja ya ziada, au boroni, ambayo ina upungufu wa elektroni moja na kwa hiyo huacha tundu. Elektroni hiyo ya ziada haiko huru tangu mwanzo. Imeshikwa na atomu yake ya fosforasi kwa milielektrovolti 45 hivi, na ni joto la chumba ndilo linaloinasua. Linganisheni 45 na 26: tofauti si kubwa, na kwa kuwa nafasi zilizo wazi ndani ya fuwele ni nyingi mno kuliko atomu ngeni zenyewe, karibu elektroni zote huachiwa. Kwenye naitrojeni kimiminika kifungo kimekuwa na nguvu karibu mara 7 ya nishati ya joto, na sehemu ya elektroni hurudi kushikwa. Kwenye heliamu kimekuwa na nguvu zaidi ya mara 120, na hapo hakuna elektroni inayoweza kujinasua kwa joto pekee. Hali hii tunaiita kuganda kwa vibeba chaji. Elektroni hazijapotea; zipo zilezile, kila moja imefungwa kwenye atomu yake, na kipande cha silikoni kilichokuwa kikipitisha umeme vizuri kinageuka kuwa kihami.

Upo msamaha mmoja, na bila huo nisingekuwa na la kuwaeleza leo. Atomu ngeni zikipandikizwa kwa wingi wa kutosha, ambao kwa fosforasi ni karibu 4 ikifuatwa na sifuri 18 kwa kila sentimita ya ujazo, zinakaribiana kiasi kwamba elektroni ya atomu moja haiwezi tena kusemwa kuwa ni ya atomu hiyo. Elektroni zinakuwa za wote, silikoni inafanya kama metali, na kuganda hakutokei hata ukiipeleka karibu na sifuri kamili. Kwa hiyo ndani ya transista moja mnaweza kuwa na sehemu iliyoganda na sehemu isiyoganda kamwe, zikiwa zimepakana kabisa. Mengi ya maajabu ya baridi yanazaliwa kwenye mipaka hiyo.

Diodi ya silikoni, kijenzi kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, inalionyesha jambo hili waziwazi, hata maabara nyingi huitumia kama kipimajoto. Ukiipitishia mkondo mdogo usiobadilika wa mikroampea 10, volteji yake kwenye joto la chumba ni karibu volti 0.56. Inapanda kwa takriban milivolti 2 kwa kila kelvini unayoshuka, inafika karibu volti 1 kwenye naitrojeni kimiminika, halafu, mnapokaribia kelvini 25, mstari unapinda ghafla na kuanza kupanda kwa kasi kubwa hadi kufikia karibu volti 1.6 kwenye heliamu. Mpindo ule ndio kuganda kwenyewe, umechorwa kwenye grafu.

Sasa tuzichukue transista zenyewe, tukianza na ile kongwe, ya baipola, yenye sehemu tatu: emita inayotoa elektroni, besi inayoziongoza, na kolekta inayozipokea. Hii ndiyo inayoumizwa na baridi kuliko zote, na sababu yake inastahili kuelezwa polepole kwa kuwa wengi huisingizia kuganda. Ukuzaji wake hutegemea emita kumwaga elektroni nyingi ndani ya besi huku ikipokea matundu machache kutoka kwenye besi. Ili kufanikisha hilo, emita hupandikizwa atomu ngeni nyingi sana. Lakini upandikizaji mkubwa hupunguza kidogo pengo la nishati la silikoni, yaani nishati inayohitajika ili elektroni ijinasue kutoka kwenye kifungo chake, ndani ya emita, na pengo likiwa dogo upande huo, matundu hupata njia rahisi ya kurudi nyuma. Kwenye joto la chumba tofauti hiyo ya pengo haitishi, kwa maana nishati ya joto inakaribia ukubwa wake. Ukipoza, tofauti ileile inapimwa dhidi ya nishati inayozidi kuwa ndogo, na athari yake hukua kwa kipeo, yaani kwa kuzidishwa tena na tena. Transista iliyokuwa ikikuza mkondo mara mia mbili inaweza kushuka ndani ya naitrojeni kimiminika hadi ikawa haifai kwa kazi yoyote ya maana. Kwa miaka mingi hitimisho lilikuwa kwamba baipola na baridi haviendi pamoja.

Dawa ilipatikana kwa kuigeuza hoja juu chini. Ikiwa pengo dogo kwenye emita ndilo linaloharibu, basi tulifanye pengo la besi liwe dogo zaidi. Hilo hufanywa kwa kuchanganya gerimani ndani ya silikoni ya besi. Katika transista ya silikoni na gerimani, kile kipeo kinafanya kazi upande wetu: kadiri unavyopoza, ndivyo ukuzaji unavyoongezeka na kasi nayo ikipanda. Besi hupandikizwa kwa wingi ili isigande, na transista za aina hii zimeonyeshwa zikifanya kazi hadi kelvini 4 na chini ya hapo. Profesa John Cressler wa Georgia Tech, kule Marekani, aliongoza mradi uliofadhiliwa na NASA wa kutengeneza saketi za namna hii kwa ajili ya uso wa Mwezi, zinazostahimili kuanzia nyuzi 180 chini ya sifuri hadi nyuzi 120 juu yake bila kuwekwa ndani ya kasha lenye joto. Naona fikra hii ni miongoni mwa nzuri kabisa katika uhandisi wetu, kwani haikupambana na baridi bali iliipa kazi ya kufanya.

Transista ya pili ni mosfeti, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye chipu za simu na kompyuta zetu. Mtu aliyenifuata vizuri atatarajia kwamba mosfeti nayo itaganda, na hapo ndipo swali langu linapoonyesha thamani yake. Mosfeti ina sosi inayotoa elektroni, dreni inayozipokea, mfereji ulio kati yake, na geti juu ya mfereji, likitengwa nao kwa tabaka jembamba la oksidi. Elektroni zinazopita kwenye mfereji hazitoki kwenye silikoni iliyo chini ya geti. Zinatoka kwenye sosi, na sosi imepandikizwa atomu ngeni nyingi kiasi cha kuwa kama metali, isiyoganda. Uga wa umeme wa geti ndio unaoziita. Kwa hiyo silikoni ya chini inaweza kuganda kabisa na mfereji ukaendelea kupitisha mkondo.

Tena unaupitisha vizuri zaidi. Kwenye joto la chumba atomu za fuwele hutetemeka bila kukoma, na elektroni hugongana na mitetemo hiyo kila mara. Hali yake ni kama ya mtu anayejaribu kuvuka uwanja wakati ngoma imepamba moto, na ngoma ikisimama njia inakuwa nyeupe. Kwenye kelvini 77 wepesi wa mwendo wa elektroni katika mfereji huongezeka mara kadhaa. Nyaya za metali zinazounganisha transista nazo hupungua ukinzani. Mkondo unaovuja wakati transista imezimwa hushuka sana. Watafiti wa IBM, Gaensslen na wenzake, walikwisha kuonyesha mwaka 1977 kwamba mosfeti ndogo mno zinanufaika zikipozwa kwa naitrojeni kimiminika, na miaka kumi baadaye kampuni ya ETA Systems ilipeleka Florida State University kompyuta kuu ya ETA-10, ambayo mbao zake za saketi zilizamishwa ndani ya naitrojeni kimiminika na kasi yake ikakaribia kuwa maradufu. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 1989. Kifizikia, mashine ilikuwa imethibitisha hoja yake.

Hata hivyo mosfeti haipewi faida bila kudaiwa. Volteji ya kizingiti, yaani ile inayohitajika kwenye geti ili mfereji ufunguke, huongezeka kwa sehemu ya moja hadi mbili ya kumi za volti. Katika chipu za zamani zilizotumia volti 5 hilo halikuwa tatizo. Katika chipu za leo, zinazotumia chini ya volti 1, ongezeko hilo linakula sehemu kubwa ya nafasi mliyonayo. Kwa upande mwingine, swichi inakuwa kali zaidi. Kwenye joto la chumba unahitaji angalau milivolti 60 kwenye geti ili kubadilisha mkondo mara 10 chini ya kizingiti, kwenye naitrojeni kimiminika milivolti 15, na nadharia rahisi inasema kwenye heliamu ingetosha chini ya milivolti 1. Vipimo havikubali. Mosfeti nyingi hukwama karibu na milivolti 10, na kushuka zaidi kwa joto hakusaidii. Maelezo yanayokubalika, ambayo watafiti wa EPFL huko Uswisi wameyafanyia kazi kwa kina, ni kwamba kingo za kanda za nishati, yaani viwango vinavyoruhusiwa kwa elektroni pande mbili za pengo, katika silikoni halisi hazikatiki ghafla kama zilivyochorwa vitabuni. Zina mikia inayoingia ndani ya pengo kwa sababu ya kasoro na mparaganyiko, na joto likiisha, mikia hiyo ndiyo inayoamua.

Chini ya kelvini 30 hivi hutokea jambo jingine ambalo huwasumbua sana wanaopima kwa mara ya kwanza. Karibu na dreni, elektroni zenye nishati kubwa hugonga atomu na kuzaa matundu. Kwenye joto la chumba matundu hayo hutoroka kupitia silikoni ya chini. Sasa silikoni hiyo imeganda na kuwa kihami, kwa hiyo matundu hunaswa, volteji ya mwili wa transista hupanda, kizingiti hushuka, na mkondo huruka ghafla katikati ya mchoro uliotakiwa kuwa laini. Ukipandisha volteji na kuishusha, mistari miwili haifuatani. Transista haijaharibika. Imekosa njia ya kutolea vibeba chaji visivyohitajika.

Kuhusu transista za jefeti nitasema machache. Hizi nazo zina mfereji unaoongozwa na geti, lakini mfereji wake wenyewe ni silikoni iliyopandikizwa kwa kiasi, kwa hiyo huanza kuganda ukishuka sana chini ya kelvini 100, na kelele yake ni ndogo kabisa karibu na kelvini 120. Ndiyo maana katika Planck, satelaiti iliyopima ile mionzi iliyosalia tangu mwanzo wa ulimwengu, ambayo baadhi ya vigunduzi vyake vilipozwa hadi sehemu moja ya kumi ya kelvini, jefeti za kusoma vigunduzi hivyo ziliwekwa ndani ya kasha na kupashwa joto makusudi, ingawa kila wati ya joto ndani ya mtambo kama ule ni adui.

Transista ninayotaka kukaa nayo zaidi ni ile inayojulikana kwa herufi HEMT, kwa kuwa ndiyo iliyofungua masikio ya darubini za redio. Mwaka 1978 watafiti wa Bell Labs walionyesha kwamba inawezekana kupandikiza atomu ngeni kwenye tabaka moja la fuwele na kuziacha elektroni zake zidondokee kwenye tabaka jirani lililo safi. Mwaka uliofuata Takashi Mimura wa kampuni ya Fujitsu, Japani, akabuni transista juu ya wazo hilo. Tazameni jinsi inavyojibu swali letu. Elektroni zimekwisha kutengana na atomu zilizozitoa na zimetua mahali penye nishati ya chini zaidi, kwa hiyo baridi haiwezi kuzirudisha. Na kwa kuwa atomu ngeni hazimo kwenye njia yake, mitetemo ya fuwele ikitulia elektroni hazikutani na kizuizi kikubwa. Katika tabaka bora kabisa, wepesi wa mwendo kwenye kelvini 4 hupita mara mia moja ule wa joto la chumba.

Matumizi yake ya kwanza hayakuwa kwenye kompyuta kama wengi walivyotarajia, bali kwenye kikuzaji kilichopozwa cha darubini ya redio ya Nobeyama, Japani, mwaka 1985. Muda mfupi baadaye chombo cha Voyager 2 kilikuwa kinakaribia sayari ya Neptuni, umbali wa takriban kilomita bilioni 4.5, kikituma habari zake kwa transmita ya takriban wati 20. Ili zisipotee, antena 27 za darubini ya VLA katika jimbo la New Mexico ziliwekewa vipokezi vya masafa ya gigahezi 8.4 vyenye vikuzaji vya HEMT vilivyopozwa, na zikaunganishwa na Goldstone, kituo cha NASA cha kuwasiliana na vyombo vya anga. Picha za Neptuni za Agosti 1989 zilipita ndani ya transista zile.

Hata HEMT haikukosa ukaidi. Zile za mwanzo, zilizotumia mchanganyiko wenye alumini, zilikuwa na kasoro ndani ya fuwele zilizonasa elektroni wakati wa kupoa. Ukizipoza gizani, transista inaweza kudorora. Suluhisho lilikuwa kuweka taa ndogo ya LED ndani ya kasha lililopozwa ili mwanga uzinasue elektroni zilizokamatwa na kuzirudisha kazini. Pia kuna mpaka ambao kupoza hakuuvuki. Vikuzaji bora vya leo hutoa kelele inayolingana na joto la kelvini 2 hivi katika masafa ya gigahezi chache, lakini ukivishusha kutoka kelvini 15 hadi kelvini 4, kelele haipungui kama ulivyotumaini. Watafiti wa Chalmers, Uswidi, walionyesha mwaka 2015 kwamba transista inajipasha joto yenyewe, na kwenye baridi kama ile, fuwele haina njia nzuri ya kuliondoa joto hilo kutoka kwenye mfereji mwembamba. Mtambo unasoma kelvini 4, ilhali elektroni zenyewe zina joto kubwa zaidi.

Teknolojia hii imekwisha kufika barani kwetu. Darubini ya MeerKAT kule Karoo, Afrika Kusini, iliyozinduliwa Julai 2018, ina antena 64, na vipokezi vyake vya gigahezi 1 na kidogo hupozwa hadi karibu kelvini 20. Kenya ni miongoni mwa nchi shiriki za Afrika katika mpango mkubwa wa darubini ambao MeerKAT ni sehemu yake. Mtu atakayetunza antena ya namna hiyo Afrika Mashariki atahitaji kujua si antena tu, bali pampu za ombwe, mitambo ya kupozea kwa heliamu, na tabia za vikuzaji ninazozieleza hapa.

Nigeukie kompyuta za kwantamu, kwa kuwa huko ndiko mahitaji ya leo yaliko. Kila kubiti, yaani kipashio cha msingi cha kompyuta hizo, huhitaji ishara za kuiongoza na za kuisoma, na kwa desturi ishara hizo hutoka kwenye mitambo iliyo kwenye joto la chumba na kushuka kwa nyaya hadi chini ya friji. Kwa kubiti 53, kama za chipu ya Sycamore ya Google ya mwaka 2019, nyaya zinavumilika. Kwa kubiti milioni moja hazivumiliki, kwa idadi yake na kwa joto zinaloliingiza. Hivyo wahandisi wanashusha saketi za CMOS zenyewe, yaani zile za mosfeti zilizozoeleka kwenye chipu, ndani ya friji. Intel ilitangaza mwaka 2019 chipu iitwayo Horse Ridge, inayofanya kazi karibu na kelvini 4, na mwaka 2021 watafiti wa Microsoft na University of Sydney walichapisha habari za chipu yao inayofanya kazi kwenye sehemu moja ya kumi ya kelvini. Hii ya pili imejengwa juu ya tabaka jembamba la silikoni lililolazwa juu ya oksidi, na chini ya oksidi kuna kitu kinachofanya kazi ya geti la pili. Kupitia geti hilo unaweza kukishusha kizingiti ambacho baridi imekipandisha. Shida kubwa inayobaki ni bajeti ya nguvu. Friji ya aina hiyo inaweza kuondoa wati 1 au zaidi kidogo kwenye kelvini 4, lakini kule chini kabisa inaweza kuondoa mikrowati chache tu. Mbunifu aliyezoea kuhesabu miliwati kwa uhuru analazimika kuzihesabu kama mtu anayegawa maji wakati wa kiangazi.

Liko suala la uchakavu ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito linaostahili. Mambo mengi yanayozeesha chipu, kama kuhama kwa atomu za metali ndani ya nyaya, hupungua sana kwenye baridi, na mtu anaweza kudhani saketi iliyopozwa itadumu milele. Lakini kumbukeni elektroni zilizopata njia nyeupe. Kwa kuwa hazigongani mara kwa mara, hufika karibu na dreni zikiwa na nishati kubwa kuliko zingekuwa nayo kwenye joto la chumba, na baadhi yake hupenya na kuharibu oksidi ya geti. Uharibifu huu ni mbaya zaidi kwenye baridi. Wanaojenga kigunduzi cha DUNE, cha chembe ndogo mno zisizo na chaji ziitwazo neutrino, chini ya ardhi katika jimbo la South Dakota, wanalijua vyema hilo, maana saketi zao zinazopokea ishara kabla ya nyingine zote zinakaa ndani ya agoni kimiminika, ndani ya tangi ambalo halitafunguliwa kwa miaka 20 na zaidi. Transista ikifa humo, imekufa. Hivyo wabunifu wa chipu hizo, wakiwemo wa maabara ya Brookhaven, hurefusha mifereji ya transista na kupunguza volteji. Wanatoa sehemu ya kasi ili kununua miaka.

Vijenzi vingine vinavyoizunguka transista navyo vina tabia zake. Kapasita za elektroliti huganda kihalisi na kupoteza uwezo wake. Kapasita nyingi za kauri za thamani kubwa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo, na za daraja la C0G, ambazo uwezo wake haubadiliki sana kwa joto au baridi, pekee ndizo ninazoziamini. Rezista za tabaka la metali hubadilika kidogo. Risasi ya kulehemu hupoteza ukinzani kabisa chini ya kelvini 7 hivi, jambo linaloweza kumshangaza anayepima.

Wanafunzi, haya yote si ya kusimuliwa tu. Naitrojeni kimiminika ipo katika nchi zetu, tena si kwenye maabara za fizikia pekee: vituo vya uhimilishaji wa ng'ombe huitumia kila siku kutunzia mbegu za madume, na idara ya chuo inaweza kuomba lita chache kwa utaratibu. Fanyeni kazi mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu lita 1 ya kimiminika huwa lita 700 hivi za gesi na inaweza kufukuza hewa ya chumba kidogo bila harufu wala dalili. Vaeni miwani, wala msiifunge kamwe kwenye chombo kisichopumua. Chukueni diodi ya kawaida, transista ya baipola ya kawaida, mosfeti moja na LED ya rangi ya chungwa. LED itawaonyesha kwa macho pengo la nishati likipanuka, kwani rangi yake itasogea kuelekea manjano. Diodi itawapa karibu volti 1. Pimeni ukuzaji wa baipola kabla ya kuizamisha na ikiwa imezama, kisha pimeni kizingiti cha mosfeti na ukali wa swichi yake, mlinganishe na zile milivolti 60 na 15. Mkizitoa, msizipime papo hapo, hasa mkiwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako unyevu wa hewa utageuka kuwa barafu na kisha maji juu ya saketi na kuwapa namba za uongo. Ziwekeni ndani ya mfuko mkavu uliofungwa mpaka zirudi kwenye joto la chumba, halafu rudieni vipimo vyote vya mwanzo, ili mjue lipi lilikuwa tendo la baridi na lipi ni la kudumu.